Sakulenti zako zinafia kwa mteja? Soma hapa kabla hujapokea oda nyingine

Leo naongea na wale wanaouza vimea vidogo vya kwenye vyungu, vile vya majani manene ambavyo wateja wengi huviita kaktasi hata kama havina mwiba hata mmoja. Sisi wauzaji tumezoea kusema sakulenti, basi tuseme hivyo hivyo. Kama wewe unauza viatu au vitenge soma tu, kule chini kuna hesabu itakayokuhusu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi dada mmoja wa Dodoma aliniona Instagram, akaagiza vikombe 70 vya sakulenti vya kuwapa wageni kwenye kicheni pati. Kimoja 5,000. Yaani 350,000 kwa oda moja, mimi niliyekuwa nauza vitatu au vinne kwa wiki! Akatuma 200,000 ya kuanzia siku ile ile. Nikakopa 150,000 kwenye kikoba, nikaenda Kariakoo nikachukua vikombe vyeupe vya kung'aa, vizuri mno, ila chini havina tundu. Nilikuwa na siku kumi na mbili. Miche haikutosha, nikakata vikonyo kwenye mimea mama, nikavichomeka vikombeni, nikawa namwagilia siku moja naacha moja ili "vishike haraka".

Kwenye picha vilipendeza kweli. Na hapo ndipo tunapodanganyika. Sakulenti inaweza kuwa imeshaoza chini huku juu bado inang'aa, kwa sababu majani yake ni matangi ya maji. Kikonyo kisicho na mzizi hata mmoja kinaweza kuishi kwa akiba yake wiki kadhaa, mteja akadhani amenunua mmea kumbe amenunua tawi lililokatwa.

Usiku wa kusafirisha nikavimwagilia tena, eti visafiri vizuri. Nikafunga boksi kwa selotepu pande zote, likaingia kwenye basi. Lilipofunguliwa Dodoma, vikombe 20 majani yalikuwa yamepukutika kwa kuguswa tu. Hamsini vilivyobaki vikagawiwa. Baada ya wiki mbili nikaanza kupokea picha: shina jeusi, jani la njano, kikombe kina maji yananuka. Yule dada hakunitukana. Alituma picha tu, moja moja, na mwisho akaandika, "Dada, wageni wangu wananiuliza mimi." Nilimrudishia 180,000 kwa miezi mitatu, 60,000 kila mwezi, na mkopo wa kikoba nao ulikuwa palepale unanisubiri.

Tangu hapo nina sharti moja: mmea hautoki kwangu mpaka uwe na mizizi yake mwenyewe, kwenye chungu chenye tundu, na udongo mkavu siku ya kusafiri. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

MAJI NDIYO YANAYOUA

Ukitaka kumwelewesha mteja kwa nini asimwagilie kila siku, na wewe lazima uelewe mmea wenyewe unafanyaje. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya kwenye majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na maji hutoka hapo hapo kama mvuke. Sakulenti nyingi hufanya kinyume. Zinafungua usiku joto likipungua, zinaihifadhi ile hewa ndani ya majani kama asidi, kisha mchana zinafunga na kuitumia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo maji yanapotea kidogo sana. Mmea wa namna hiyo ukiuwekea udongo mbichi muda wote, mizizi inakosa hewa, inaoza, na ukungu unapanda kwenye shina.

Kumwagilia vizuri ni hivi: mwaga maji ya kutosha mpaka yatoke kwenye tundu la chini, yaache yachuruzike yote, kisha usiguse tena mpaka udongo ukauke hadi ndani. Siyo kunyunyizia kijiko kimoja kila asubuhi. Kujua kama umekauka chukua njiti ya mshikaki, ichomeke hadi chini, iache dakika chache, itoe. Ikitoka na unyevu au imeshikwa na udongo, subiri. Mimi nampa kila mteja njiti moja bure, na niamini, imeokoa mimea mingi kuliko maelezo yangu yote ya kwenye simu.

Usimtajie mteja idadi ya siku kama sheria. Dodoma wakati wa kiangazi chungu kidogo kinaweza kukauka kwa wiki moja. Dar wakati wa masika, hewa imejaa unyevu na jua halionekani, chungu hicho hicho kinaweza kukaa wiki tatu. Mfundishe kusoma majani badala yake. Majani ya chini yakikunjamana na kulegea kidogo huku ni makavu, hiyo ni kiu, mwagilia. Majani yakiwa laini, ya njano, yanaonekana kama yamechemshwa, hayo ni maji yaliyozidi, na hapo asiongeze hata tone. Bahati mbaya wateja wakiona jani la njano wanakimbilia maji, wanamalizia mgonjwa.

TUNDU LA CHINI, NA UZUSHI WA KOKOTO

Najua vikombe visivyo na tundu vinauzika. Vinapendeza mezani, havichafui kitambaa. Na najua utaambiwa, "weka kokoto chini halafu udongo juu, maji yatashuka kwenye kokoto." Hayashuki hivyo. Udongo laini hushikilia maji na hauyaachii kirahisi kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka wenyewe umeshiba kabisa. Matokeo yake ile sehemu yenye maji unakuwa umeipandisha tu karibu na mizizi. Tena kikombe chenyewe kidogo, kokoto zimeshakula nusu ya nafasi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa. Kopo la plastiki unatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Kikombe cha kauri unampelekea fundi mwenye drili na biti ya vigae, atoboe taratibu huku anamwagia maji ili kisipasuke. Ya pili ndiyo naipenda zaidi: panda kwenye kikopo chembamba cha plastiki chenye matundu, kisha kitumbukize ndani ya kile kikombe kizuri. Mteja akitaka kumwagilia anakitoa, anamwagilia kwenye sinki, kikichuruzika anakirudisha. Urembo haujapotea na mmea unapumua.

Udongo wa bustani peke yake haufai, hata ule mweusi mzuri unaooteshea mchicha. Mimi kwa hali ya Dar nachanganya makopo mawili ya mchanga mnene wa mto uliooshwa, kopo moja la udongo wenye samadi iliyooza vizuri, na kopo moja la chenga za mkaa zilizochekechwa ile vumbi ikatoka. Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi. Walioko Arusha au Moshi wakipata vile vijiwe vyepesi vya volkano wanaweza kupunguza mchanga. Jaribio ni rahisi: jaza kopo lenye tundu, mwaga maji juu. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza mchanga.

UNAISHI WAPI? USIIGE TU PICHA ZA ULAYA

Ile sakulenti inayofanana na ua waridi, inaitwa ekeveria. Kila mtu anaitaka kwa sababu ndiyo imejaa kwenye picha. Asili ya nyingi ni milima ya Mexico, zinapenda mwanga mkali wa mchana na usiku wa baridi. Kwa wenzetu wa Lushoto, Njombe, Iringa au Nairobi hiyo ni mali. Kwa mimi wa Dar ambaye usiku nalala na feni, ekeveria ni kesi. Inarefuka shingo, rangi inapauka, masika yakifika inaoza. Bado ninazo chache za kupigia picha, siwezi kukudanganya, ila siweki oda kubwa juu yake.

Ukanda wa joto utakula zaidi kwa sansevieria, haworthia, krasula, shubiri ndogo ndogo na waridi la jangwani. Halafu kuna zamioculcas, ule mmea wa vijani vya kijani iliyokolea vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta, wauza maua wengi huuita ZZ. Siyo sakulenti ya majani manene kama zingine, lakini chini ina viazi vinavyohifadhi maji, kwa hiyo utunzaji wake unafanana. Mmea huu ni wa kwetu kabisa, unaota porini Kenya, Tanzania ikiwemo Zanzibar, kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi kibiashara miaka ya 1990, leo uko kwenye maofisi dunia nzima. Sisi tunaununua kwa bei ya mgeni. Haya.

Kuhusu mwanga: wengi wanaamini sakulenti ni ya jua kali saa zote. Haworthia na sansevieria zinaridhika na kibaraza chenye mwanga bila jua la moja kwa moja. Krasula na waridi la jangwani zinataka jua. Na mmea uliokaa ndani mwezi mzima usiutoe ghafla kwenye jua la saa saba, utaungua alama za kahawia zisizofutika. Uzoeshe kwa wiki moja au mbili, kwanza jua la asubuhi.

KUZALISHA MWENYEWE, NA MTEGO WA SANSEVIERIA YA NJANO

Faida ya biashara hii iko kwenye mimea mama. Jani la ekeveria, au kikonyo cha krasula, unakitoa kizima, unakiacha kivulini siku mbili hadi nne mpaka kidonda kikauke kabisa, ndipo unakilaza au kukichomeka kwenye udongo mkavu kiasi. Ukiharakisha hapa umeliwa, ndilo kosa lililonimaliza mimi. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki mbili tatu hivi, lakini mche wa kuuza siyo wa wiki tatu. Naacha wiki nane hadi kumi, halafu naupima kwa kuuvuta kidogo. Ukinigomea, una mizizi. Ukichomoka, unarudi kwenye trei. Jani tupu la ekeveria ndilo linahitaji miezi zaidi ndiyo lifikie ukubwa wa kuuzika. Haworthia ni rahisi zaidi, inazaa vitoto pembeni, unavigawa vikiwa tayari na mizizi.

Sasa sikiliza hili. Sansevieria yenye kingo za njano ukiikata jani ukaliotesha, mche utakaotoka utakuwa wa kijani mtupu. Ile rangi ya njano haihamii kupitia jani. Njia ni kugawa shina la chini ya udongo lenye chipukizi lake. Nimeona muuzaji amepokea hela za watu kwa sansevieria ya njano, akaotesha majani, baada ya miezi kadhaa anajikuta na trei nzima ya kijani. Kumbe hakuwa tapeli, hakujua tu. Lakini wateja walishamwandika tapeli.

Wadudu: ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, ni vidung'ata. Tenga huo mmea haraka, chovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, wafute mmoja mmoja, rudia baada ya siku chache. Kamwe usimtumie mteja mmea wenye hao, atakuwa na wengine nyumbani.

PICHA, BOKSI NA BODABODA

Malalamiko ya kwanza kwenye biashara yetu ni "mbona kidogo hivi?" Piga picha ukiwa umeweka sarafu ya mia tano pembeni ya chungu, au ukishike mkononi. Filta za kuongeza rangi zima. Picha ya mwanga wa asubuhi dirishani inatosha. Na ile mimea iliyobandikwa ua bandia kwa gundi ya moto, tafadhali, usiiingize kwenye duka lako. Siku ua likidondoka linaondoka na jina lako.

Kabla ya safari acha kumwagilia siku tano au sita. Udongo mkavu ni mwepesi, haumwagiki ovyo, na majani yenye maji kidogo pungufu hayavunjiki kirahisi. Funika uso wa udongo kwa karatasi laini, izungushie kamba, simamisha vyungu vikiwa vimebanana ndani ya boksi, jaza nafasi kwa magazeti, toboa boksi pembeni. Usivifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kaka wa bodaboda mwambie kabisa ni maua, asiliache boksi juani akisubiri mzigo mwingine.

Kwa mikoani nina mtindo mwingine kama mteja anakubali. Natoa mmea kwenye udongo, napukuta mizizi, nauviringisha kwenye gazeti ukiwa mkavu, vyungu vinakwenda vitupu. Sakulenti yenye mizizi inavumilia siku kadhaa hivyo bila shida. Uzito unapungua, nauli inapungua. Akiupokea anaupanda kwenye udongo mkavu, anasubiri siku nne tano ndipo anamwagilia. Namtumia sauti ya WhatsApp ya dakika moja kumweleza. Maandishi marefu watu hawasomi, sauti wanasikiliza.

SUMU, PORI NA MTEJA WA NJE

Muulize mteja kama ana mtoto anayetambaa. Maziwa ya mtupa yakiingia jichoni yanaumiza vibaya na yanaweza kuleta upofu wa muda, na waridi la jangwani utomvu wake una sumu iliyowahi kutumika kwenye mishale huku kwetu Afrika. Wewe mwenyewe vaa glovu ukikata. Kumwambia mteja hayo hakufukuzi biashara. Mama mmoja nilimshauri aache waridi la jangwani achukue haworthia, akachukua tatu.

Kuchimba mimea porini uiuze, acha. Shubiri karibu zote, kaktasi na mitupa ya aina ya sakulenti ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES ulioanza kutumika mwaka 1975, kuvusha mipaka kunahitaji kibali. Shubiri ya dawa ya kawaida, aloe vera, ndiyo iliyoachwa nje. Kwa hiyo ndugu yako wa Muscat au London akisema "nitumie viwili tu kwenye begi la shangazi", mwambie kwanza kuna cheti cha afya ya mimea, Tanzania kinatolewa na TPHPA, Kenya na KEPHIS, na nchi anayoishi nayo ina masharti yake. Shangazi asikamatwe uwanja wa ndege kwa ajili ya oda ya 10,000.

SASA HESABU

Tuseme unanunua miche 10 kwa 1,000 kila mmoja, jumla 10,000. Mitatu inakufa mikononi mwako kabla ya kuuzwa, na kwa anayeanza hiyo siyo ajabu. Inabaki saba. Kila mmoja sasa umekugharimu kama 1,430, siyo 1,000. Ongeza chungu 700, udongo 200, kifungashio 300. Imefika 2,630. Ukiuza 3,000 unadhani umepata 800, kumbe umepata 370. Na ukimfidia mteja mmoja mmea uliooza, faida ya vyungu saba imekwenda.

Ndiyo maana nikapandisha bei hadi 4,500 na nikaweka ahadi: mmea ukifa ndani ya siku 14 na mteja akanitumia picha ya udongo, nampa mwingine, nauli juu yake. Picha ya udongo inasema ukweli wote. Mwanzoni niliogopa kwamba watu watanikimbia kwa bei. Wachache walikimbia. Waliobaki wanarudi, na wanaleta wenzao.

Yule dada wa Dodoma tuliendelea kuwa kimya kama mwaka hivi. Mwezi uliopita akajibu status yangu: anataka 30 kwa sendofu ya mdogo wake. Nikamwambia, dada, nahitaji wiki kumi, na bei siyo ile ya zamani. Akakaa kimya nusu saa nzima, mimi huku moyo unanidunda. Halafu akaandika: "Sawa dada. Ila niambie kwanza, vikombe vina tundu?"